Bilioni mbili na ushei: namba ya Euler inayosubiri mwaka 2038

Kijana aliyemaliza kozi ya kompyuta juzi anapewa kazi yake ya kwanza: daftari la kidijitali la chama cha kuweka na kukopa. Jina la mwanachama, namba yake ya uanachama, namba yake ya simu. Anaiagiza hifadhidata iipokee simu kama namba, maana kweli ni namba, na makarani wanaanza kuingiza watu, kila simu ikitanguliwa na 255. Jioni mhasibu anafungua orodha na kukuta wanachama wote, kuanzia mwenyekiti hadi mama wa genge, wanatumia simu moja: 2147483647.

Hakuna karani aliyeiandika. Matoleo ya zamani ya MySQL, hifadhidata iliyoenea sana kwenye tovuti za bei nafuu, yalikuwa na ustaarabu wa ajabu: ukiyapa namba isiyoenea kwenye nafasi yake, hayakukataa. Yaliweka ile kubwa kuliko zote inayoenea, yakanong'ona onyo ambalo hakuna anayelisoma, kisha yakaendelea na kazi. Simu ya Tanzania au Kenya ikiandikwa pamoja na msimbo wa nchi ina tarakimu 12, yaani iko juu ya bilioni 254. Nafasi ya kawaida inaishia bilioni mbili na ushei. Marekani kioja hiki kina utamu zaidi, kwa kuwa 2147483647 ina tarakimu 10 kama simu za kule, na 214 ni msimbo wa Dallas, Texas. Ni simu inayoonekana halali kabisa.

Waandishi wa programu wanaijua namba hii kama dereva anavyolijua tuta la barabarani. Wachache wao wanajua kwamba ilikuwa maarufu karibu karne mbili kabla ya kompyuta kuwapo, na kwamba mtu aliyeipa umaarufu huo alikuwa karibu kipofu.

Tuisome kwanza: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Zidisha 2 mara 31, yaani 2 kwa 2 kwa 2 hadi ziwe mbili 31, kisha toa 1. Ukitaka kuupima ukubwa wake kwa muda, sekunde 2,147,483,647 ni miaka 68, siku 18 na saa tatu hivi. Tanganyika, tukiihesabia tangu usiku wa manane wa kuamkia 9 Desemba 1961, itatimiza sekunde hizo tarehe 27 Desemba 2029. Kenya, iliyopata uhuru 12 Desemba 1963, itazitimiza 30 Desemba 2031. Kwa hiyo si namba ya anga za mbali. Mzee wa miaka 69 ameshaiishi yote, sekunde kwa sekunde.

Kilichowavutia wanahisabati ni kwamba ni namba tasa: haigawanyiki sawasawa kwa namba nyingine yoyote ila 1 na yenyewe. Namba za mtindo huu, mbili kwa kipeo fulani ukitoa 1, zimepewa jina la mtawa wa Paris, Marin Mersenne. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo ambavyo kwa maoni yake vinaleta namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Kipeo chenyewe lazima kiwe tasa, lakini hilo halitoshi. Kipeo cha 11 kinaleta 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Orodha ya mtawa ilikuwa na makosa pia: 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na aliziruka 61, 89 na 107. Kuhusu 31 alikuwa sahihi. Pietro Cataldi wa Bologna alikuwa ameshaitaja kabla yake, ila aliitaja pamoja na 23, 29 na 37, ambazo zote zilimwangusha, kwa hiyo sifa zake tumwachie nusu.

Aliyethibitisha ni Leonhard Euler. Matokeo yake, ya mwaka 1772, yalichapishwa Berlin katika barua aliyomwandikia mwanahisabati wa ukoo wa Bernoulli. Wakati huo Euler alikuwa St Petersburg, amepita umri wa miaka 60. Jicho la kulia lilikuwa limeshapoteza nuru tangu ujanani, la kushoto likaingiwa na mtoto wa jicho, na mwaka 1771 nyumba yake iliungua. Hesabu zake nyingi alizifanya kichwani huku wengine wakimwandikia.

Sasa fikiria ukubwa wa kazi. Kuhakikisha kwamba namba haina kigawo, unajaribu kuigawa kwa kila namba tasa hadi kufikia kipeuo chake cha pili. Hakuna haja ya kupita hapo, kwa sababu kama ingekuwa na kigawo kikubwa kuliko kipeuo hicho, mwenzake angekuwa mdogo na ungeshamkuta. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na kitu. Chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Kugawa namba ya tarakimu 10 kwa mkono mara 4,700 bila kuteleza hata mara moja ni adhabu, na bado kwanza lazima uwe na orodha ya namba tasa zenyewe.

Euler hakuifanya adhabu hiyo. Alijua, kutokana na kanuni aliyoiacha mwanahisabati Fermat mwaka 1640, kwamba namba tasa yoyote inayoweza kuigawa 2,147,483,647 lazima iache baki 1 ikigawanywa kwa 31. Na kwa kuwa ni namba witiri, basi iache 1 ikigawanywa kwa 62. Hapo hapo umati mkubwa umeondoka uwanjani. Kisha akaongeza sharti la pili: kigawo hicho kikigawanywa kwa 8, baki lazima iwe 1 au 7. Masharti mawili yakikutana, wanaobaki ni wale tu walio 248 mara kitu fulani, ukaongeza 1 au ukaongeza 63. Hadi 46,340 namba za sura hiyo ni 372, ukiacha 1 na 63 zenyewe. Ukizichuja zile zisizo tasa, zinabaki 84.

Jaribu mwenyewe mwanzo wa safari. Ya kwanza kwenye orodha ni 249, lakini hiyo ni 3 mara 83, iache. Inayofuata ni 311, ambayo ni tasa. Gawa: 311 mara 6,905,092 ni 2,147,483,612, inabaki 35. Haikugawanyika. Kisha unapita 497, 559, 745, 807, 993, 1,055 na 1,241, zote zikianguka zenyewe, hadi 1,303. Gawa: inabaki 226. Zimebaki 82. Ni kazi ya siku chache kwa mtu makini mwenye kalamu na taa nzuri, na ndipo uzuri wa jambo hili ulipo. Kompyuta ya leo ingezigawa zote 4,700 kabla hujapepesa jicho, na isingekuwa imeelewa chochote. Mzee wa St Petersburg aliondoa zaidi ya 98 katika kila 100 kwa kufikiri tu.

Nadhani alikuwa na kiu maalumu na jirani za namba hii. Miaka 40 nyuma, akiwa kijana, alikuwa ameigusa 4,294,967,297, ambayo ni mara mbili ya namba yetu ukiongeza 3. Fermat aliamini kwamba hiyo ni tasa. Euler akaonyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417.

Kwa karibu miaka mia, 2,147,483,647 ilikuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani. Na ilibeba mgongoni namba nyingine. Wayunani walizitukuza namba timilifu, zile ambazo ukijumlisha vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe unairudia namba ile ile. 6 ni 1 na 2 na 3. 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14. Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya aina ya Mersenne inazaa moja: ya kwetu inazidishwa kwa 1,073,741,824 na kuleta 2,305,843,008,139,952,128, namba timilifu ya nane.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow, mwalimu wa hisabati kwenye chuo cha kijeshi cha Woolwich, aliandika katika kitabu chake kwamba hiyo ya nane ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa. Sababu yake haikuwa kwamba nyingine hazipo. Alisema ni vitu vya kustaajabisha tu visivyo na faida, basi nani atajisumbua kutafuta zaidi? Barlow hakuwa mjinga. Majedwali yake ya hesabu yalitumika kwa zaidi ya karne. Ila mwaka 1883 kasisi mmoja wa Urusi, Ivan Pervushin, akihudumu mbali na vyuo vikuu, alithibitisha kwamba kipeo cha 61 kinaleta namba tasa, na pamoja nayo ikaja namba timilifu yenye tarakimu 37. Watu wasiotaka faida hawajaacha hadi leo. Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya Mersenne ya 52 kujulikana, yenye kipeo cha 136,279,841 na tarakimu zaidi ya milioni 41, iliyopatikana kwa mtandao wa watu wanaoazimisha kompyuta zao.

Kosa la pili la Barlow, lile la faida, ndilo lililochukua muda kujulikana.

Kompyuta huhifadhi namba kwa biti, na kila biti ni 0 au 1. Tazama ubao wa bao la Kiswahili: safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32. Tuseme kila shimo ama ni tupu ama lina kete moja tu, na kila shimo lina thamani mara mbili ya jirani yake: 1, 2, 4, 8, hivyo hivyo. Shimo moja tumelitenga kwa alama, ili mashine ijue kama namba ni chanya au hasi. Yamebaki 31. Ukiyajaza yote, jumla ni 2,147,483,647. Hiyo ndiyo dari ya chumba. Ongeza 1: kete zote zinatoka, moja inasukumwa hadi kwenye lile shimo la alama, na mashine inasoma −2,147,483,648. Tajiri wa dunia amekuwa mdaiwa wa dunia kwa kete moja.

Wahandisi walichagua 32 kwa sababu zao. IBM ilipotangaza familia ya mashine za System/360 mwaka 1964, neno la mashine lilikuwa na biti 32, na mtindo huo ukatawala miongo mingi. Hakuna aliyemfikiria Mersenne. Kwamba dari hii ni namba tasa ni bahati tupu. Mashine za biti 16 dari yao ni 32,767, ambayo ni 7 mara 31 mara 151. Za biti 64 dari yao nayo inagawanyika kwa 7. Iliyobahatika ni hii ya katikati.

Bahati hiyo ikapata kazi. Kompyuta haiwezi kurusha dadu, hivyo hudanganya kwa kanuni. Kanuni moja mashuhuri ni hii: chukua namba uliyo nayo, zidisha kwa 16,807, ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5, gawa kwa 2,147,483,647, na baki ndiyo namba yako mpya. Kwa kuwa kigawanyo ni tasa, na kwa kuwa 16,807 imechaguliwa kwa uangalifu, utazipitia namba zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja, kabla ya kurudi ulipoanza. Watafiti walianza kuitumia kwenye mashine za IBM miaka ya 1960, na mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza kama kipimo cha chini ambacho kanuni nyingine zisipungue. Usiitumie kulinda siri za benki, hapo ni dhaifu mno. Kwa michezo na majaribio ya kisayansi ya zama zile ilitosha.

Tatizo la dari ni pale wapangaji wanapoongezeka. Mfano unaopendwa ni wimbo wa Gangnam Style wa Mkorea PSY. Desemba 2014 YouTube ilieleza kwamba haikuwahi kudhani video moja ingetazamwa zaidi ya mara 2,147,483,647, na kwamba kaunta imehamishiwa kwenye biti 64. Dari mpya ni 9,223,372,036,854,775,807, na hiyo sidhani kama kuna wimbo utakaoigusa.

Mfano wa pili hauna mzaha. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa agizo kuhusu Boeing 787, ile Dreamliner ambayo abiria wa Kenya Airways na Air Tanzania wanaifahamu. Ilibainika kwamba ndege ikiachwa na umeme bila kuzimwa kwa siku 248 mfululizo, kaunta ya ndani ya vidhibiti vya jenereta ingefurika, na jenereta zote zingeweza kujizima kwa pamoja. Dawa ya haraka ilikuwa kuzima na kuwasha upya mapema. Piga hesabu: kaunta inayohesabu kila sehemu ya mia ya sekunde inafika 2,147,483,647 baada ya siku 248 na nusu. (Ndiyo, 248, ile ile ya vigawo vya Euler. Nimeitafuta sababu na hakuna. Ni sadfa.)

Kwetu dari hii iko chini zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Programu nyingi za fedha huhifadhi kiasi kwa senti ili kukwepa desimali. Katika biti 32 unaweza kuweka hadi 21,474,836.47. Mtengenezaji anayefikiria dola anaona duka dogo halitafika milioni 21 hata wajukuu wake wakirithi. Kwa shilingi ya Tanzania au ya Uganda, hiyo haimalizi hata gari moja zuri lililotumika. Mfumo ulioandikwa kwa ajili ya sarafu nzito ukiletwa kwenye sarafu nyepesi bila mtu kuuliza chumba kina urefu gani, invoisi ya kwanza ya maana inaugonga ukingo.

Halafu kuna saa. Mfumo wa Unix, uliozaliwa Bell Labs na ambao damu yake inatembea kwenye Linux, kwenye simu za Android na kwenye sehemu kubwa ya seva za intaneti, hupima wakati kwa kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Awali kabisa ulihesabu visehemu vya sitini vya sekunde, na kaunta ilikuwa inajaa chini ya miaka miwili na nusu. Walipohamia sekunde nzima, biti 32 zilionekana kama milele. Zinajaa Jumanne 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, watoto wakiwa njiani kwenda shule. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itajiona iko Desemba 1901, tarehe 13, Ijumaa, usiku wa saa 5 na dakika 45 tukiuhesabu kwa saa zetu za leo. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa bado siku chache kufika Kisumu.

Kompyuta za mezani na simu za sasa hazinitii wasiwasi. Karibu zote ni za biti 64, na saa ya biti 64 ina nafasi ya miaka zaidi ya bilioni 290. Linux ilimaliza kazi kubwa ya kuziba pengo kwa mashine za biti 32 mwaka 2020, na Debian ikafuata katika toleo lake la 2025. Ninachokitilia shaka ni vile vidude visivyoonekana kama kompyuta: vidhibiti vya pampu na jenereta, mashine za kusoma kadi mlangoni, ruta iliyofungwa ukutani na fundi aliyeshahama mji. Vitu hivyo hununuliwa mara moja na kusahauliwa miaka 20. Faili za data nazo ni shida nyingine, kwani mashine inaweza kuwa mpya huku safu ya tarehe ndani ya hifadhidata ikiwa bado na biti zile zile 32.

Na programu zinazohesabu mbele haziungoji mwaka huo. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 unaosainiwa leo una marejesho yanayopita Januari 2038. Mtumishi wa umma aliyezaliwa 1978 atatimiza miaka 60 ndani ya mwaka huo huo, na mfumo wa pensheni unaomwandalia makadirio unalazimika kuandika tarehe iliyo nyuma ya ukuta. Anayesimamia mfumo kama huo ana jaribio la dakika tano: achukue kompyuta ya pembeni isiyo na data za wateja, aisogeze saa yake hadi 20 Januari 2038, afungue programu, aangalie inachapisha mwaka gani juu ya risiti.